Mchukuzi wa Nne

Laini ya Chini, Ruiru
9 Mei 1954

Mdogo wangu Erastus,

Mimi sijambo, jino limetulia, na salamu nyingine ujitungie mwenyewe kwa sababu nina haraka ya kufika kwenye habari.

Jana gari la sinema lilikuja hapa shambani na picha mpya ya Marcia Wynne. Wewe unanijua mimi na Marcia. Nilikuwa nimefunga kitambaa kichwani kama anavyofunga yeye akipanda motokaa isiyo na paa, na Waithira, mwenzangu wa meza ya kuchambua kahawa, alinicheka njia nzima akisema Marcia hajawahi kuchambua kahawa. Tulikaa mbele kabisa, chini, pamoja na watoto.

Picha ni ya msituni. Marcia anamtafuta kaka yake aliyepotea, Clay Merrick ni mwindaji anayemwongoza, na nyuma yao wanafuatana wachukuzi wenye masanduku kichwani. Erastus, mchukuzi wa nne ni Jeconia.

Sisemi ni mtu anayefanana na Jeconia. Ni mume wangu, na lile bega la kushoto analoliinua kama anayesukuma mlango. Waithira alinishika mkono akasema, "Aiya, si huyu ni bwana yako?" Basi hata mtu mwingine alimwona. Unakumbuka alivyotuaga mwaka wa hamsini na moja: watu wa sinema kutoka Amerika wanataka dereva anayejua njia za mpaka wa Kongo, na yeye alikuwa amezipita miaka mingi na lori la chumvi. Katika barua yake ya mwisho alilalamika kwamba wamemvua kofia ya udereva wakamtwika sanduku, eti wachukuzi wamepungua. Wamarekani wakarudi kwao, madereva wenzake wakarudi Nairobi, na yeye kimya mpaka jana.

Sasa sikiliza. Wanavuka mto mkubwa kwa chelezo. Chelezo kinapinduka. Clay anamwokoa Marcia, nywele zake hata maji haziyaogopi. Wachukuzi wote wamo mtoni, na ninamwona mwenye fulana ya mistari, fulana ya Jeconia, anazama, anaibuka, anazama. Hapo hapo mnyapara akapiga filimbi. Kafyu. Kila mtu nyumbani kwake, akina Waithira kwanza kwa sababu wao Wakikuyu wakikutwa nje hawaulizwi mara mbili. Mikebe ya filamu iliyobaki ikarushwa ndani ya gari na picha ikaishia mtoni.

Mimi si mshamba wa sinema. Clay Merrick nimemwona akichomwa mishale, akinyongwa na akianguka na ndege, na mwezi unaofuata anakuja amenyoa vizuri. Nyota akizama hutolewa, maana picha ijayo inamhitaji. Jeconia nani anamhitaji? Huenda alizama kweli, wakaona imetoka vizuri, wakaiacha.

Nzomo, yule Mkamba wa mashine ya sinema, amesema mwezi huu wote picha hiyo inaonyeshwa nzima huko Thika kila Jumapili mchana. Nenda. Tazama kama Jeconia anatoka majini. Usimtazame Clay, mtazame Jeconia.

Nakuomba kwa sababu huko nyumbani shemeji yangu Zacharia ameanza maneno ya mgomba. Unajua desturi: mtu akipotea mbali, ukoo huzika shina la mgomba kwa jina lake, na tangu siku hiyo amekufa, hata akirudi kwa miguu yake miwili lango halimfungukii. Na mimi nitakabidhiwa Zacharia pamoja na jembe na kitanda.

Dada yako,
Nekoye

* * *

Thika, Majengo
17 Mei 1954

Dada Nekoye,

Shikamoo. Nimekwenda, nimetazama, na nimerudi na kichwa kinachoniuma.

Kwanza furahi: nilimwona Jeconia mzima. Ameketi kwenye karamu, kijiji chote kinacheza ngoma, na yeye yuko nyuma ya Marcia anakula ndizi. Nikataka kusimama nipige makofi. Lakini dada, karamu ilikuja kabla ya mto. Baada ya karamu ndipo wakapanda chelezo, kikapinduka, na fulana ya mistari ikaingia majini. Kwa hiyo sijui kama alikula halafu akazama, au alizama halafu akala.

Si mimi peke yangu niliyepotea. Clay Merrick alikuwa na bendeji mkononi kabla hajaumwa na chui. Kaka wa Marcia alizikwa, kisha akatokea amevaa suti anamkaribisha chai. Vijana wa kiwanda chetu cha ngozi walipiga mbinja, mmoja akadai arudishiwe kiingilio, na Nzomo akatoka kwenye chumba cha mashine kutuomba radhi. Alisema Jumamosi, kule kwenu, walifungasha mbio kwa ajili ya kafyu, namba za chaki zikafutika, na mikebe ikaingia ndani ya sanduku kila mmoja ulivyopenda.

Watu wengine hawakujali. Mzee mmoja karibu nami alisema picha imekuwa tamu zaidi hivyo, kwa sababu mtu alianza kwa kuoa na baadaye ndipo akapata taabu, kama maisha yenyewe.

Clay amebadilisha mtindo wa nywele, sasa anazilaza upande. Nimejaribu kwa mafuta ya mgando lakini zangu zinasimama.

Usijisumbue kuja huku. Karamu yenyewe ni fupi, hakuna la kutazama.

Mimi mdogo wako,
Erastus

* * *

Kimilili
24 Mei 1954

Kwako Shemeji Nekoye,

Salamu katika jina la Bwana. Sisi huku ni wazima ila Mama, ambaye hali wala halali.

Nakujulisha kwamba kijana wetu mmoja, Tobias, amekuja likizo kutoka shamba hilo hilo lenu la kahawa, naye ametuambia mbele ya wazee kwamba ndugu yangu Jeconia alionekana akizama mtoni, na walioshuhudia ni watu wa shamba zima pamoja na bwana mkubwa na mkewe. Tobias ameapa. Nilimwuliza mto gani, akasema jina halikuandikwa.

Kwa hiyo wazee wameamua tusingoje zaidi. Mgomba utazikwa mwezi wa Agosti. Wewe unajua kwamba udongo wa kwanza hutupwa na mke. Usipokuja hakuna kaburi, na Mama atabaki hivi hivi, amezuia kilio kifuani kama mtu aliyemeza mfupa. Kila lori likipita barabarani anatoka kwenda kutazama. Amenituma nikwambie kwamba anakuomba.

Mambo yako na yangu yatazungumzwa baada ya hayo, kwa upole. Nyumba yenu Mungu hakuijalia mtoto, na mimi si mtu wa kumlaumu mwanamke kwa hilo. Nina ng'ombe wa maziwa sasa na nyumba ya mabati.

Shemeji yako,
Zacharia

* * *

Ruiru
27 Mei 1954

Mdogo wangu,

Ninakutumia barua ya Zacharia uisome mwenyewe. Ona mambo. Tobias alikaa nyuma ya nguzo siku ile na alilala nusu ya picha, leo yeye ndiye shahidi.

Kwenye meza yetu ya kahawa wanawake wamegawanyika. Upande wa Waithira unasema amezama, kwa sababu mtu akiwa hai, hata awe Kongo, hukosi kumsikia kwa madereva. Upande wangu tunasema alikula karamu, na aliyekula hakuzama. Jana tumebishana mpaka mkaguzi akakuta mbovu zimechanganyika na nzuri. Usiku najiona nimesimama kandokando ya ule mto. Upande mmoja wananiita mke na upande wa pili wananiita mjane, nami sijui niitike wapi. Nimechoka, Erastus. Nikicheka najiuliza kama mjane anacheka hivi, na nikilia naona namchuria mkosi mtu aliye hai.

Nikienda nyumbani nikatupa udongo naye yu hai, nimemfungia lango la mama yake. Nisipokwenda naye amekufa, namnyima yule mama kilio chake kwa ajili ya ukaidi wangu. Nitafanyaje?

Rudi kwenye sinema. Mwombe Nzomo aipange mikebe sawasawa, umwambie ni kwa ajili ya mtu. Na mbona hukuniambia Jeconia alikuwa amevaa nini, amekonda au amenenepa? Wewe unayejua mpaka vifungo vya koti la Clay Merrick, leo umemwona shemeji yako baada ya miaka mitatu huna hata neno.

Nekoye

* * *

Thika, Majengo
31 Mei 1954

Dada mpendwa,

Nzomo alikubali. Jumapili aliipanga mikebe kabla watu hawajaingia, akaiangalia mmoja mmoja kwenye mwanga. Picha imekwenda sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, na mto unakuja kwanza, karamu inakuja mwisho. Yaani baada ya kuzama, Jeconia anaonekana ameketi anakula samaki. Nilitoka nje nikiwa na furaha, nikanunua chai na mandazi mawili.

Nzomo akanikuta pale. Nikamwambia, shemeji yangu ametoka majini. Akaniuliza, "Nani amekuambia?" Nikamwambia, si picha? Akacheka, si kwa ubaya. Anasema watu wa sinema hawapigi picha kwa utaratibu ambao sisi tunaona. Huweza kupiga harusi leo na uchumba mwezi ujao, ilimradi jua ni zuri na nyota hana mafua. Huenda karamu ilipigwa wiki ya kwanza na mto siku ya mwisho, halafu huko Amerika mtu mwenye mkasi akavishona anavyotaka.

Basi dada, tumerudi pale pale. Hata mikebe ikipangwa, mpangaji wa kwanza ni mtu mwingine ambaye hatumjui. Chai yangu ilipoa.

Nimefikiri sana nikaona hivi: mwandikie Zacharia kwamba hujui. Kutojua si dhambi. Kaa Ruiru, fanya kazi yako, watazame akina Marcia, siku zipite. Jambo jingine likitokea litatokea lenyewe. Na wala usije huku, ukumbi una joto na kunguni, na picha yenyewe inaondoka kwenda Nyeri katikati ya Juni.

Alikuwa na afya ya kutosha. Hakukonda.

Erastus

* * *

Ruiru
4 Juni 1954

Erastus,

Ndizi au samaki?

Nimepata ruhusa ya Jumapili ya tarehe kumi na tatu. Nitapanda gari la maziwa la asubuhi. Usinipokee. Nitakaa upande wa wanawake, na nikitoka nitarudi Ruiru moja kwa moja, kwa hiyo tukikosana usihangaike.

Nekoye

* * *

Ruiru
14 Juni 1954

Mdogo wangu Erastus,

Nilikuona jana. Ulikuwa umesimama karibu na mlango, nywele umezilaza upande, na ulinitazama mimi muda wote badala ya kutazama picha. Nilipita bila kukusalimu kwa sababu ningefungua mdomo ningelia mbele ya watu wa Thika.

Nikueleze nilichoona, usije ukafikiri nimeona kingine.

Kwanza, aliyezama si Jeconia. Fulana ni yake, mistari ni ile ile, lakini aliyemo ndani yake ni mtu mwingine, mrefu wa shingo, na anapiga maji kwa mikono miwili. Mume wangu ni mtoto wa milimani, hata mtoni kwetu aliingia kwa kidole cha mguu kwanza. Hiyo fulana walimvisha mtu mwenye kujua kuogelea. Kule shambani sikumwona vizuri kwa sababu nilikuwa nimeshafumba macho nusu. Na wewe ulitazama fulana. Kwa hiyo mto wote huo, Tobias na kiapo chake, mikebe ya Nzomo, hesabu yangu na yako ya nani amekula lini, havikuwa na kazi. Hakuna aliyezama.

Basi nikangoja karamu, na moyo wangu ulikuwa mwepesi, Erastus. Nilikuwa nikimwandikia Zacharia kichwani.

Karamu ikaja. Marcia yuko mbele, machozi yanamshuka, anamwambia Clay kwaheri, ukumbi mzima unamtazama yeye. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kwenda sinema sikumtazama. Nyuma ya bega lake yuko Jeconia, ameketi kwenye kigoda. Hali ndizi wala hali samaki. Ana mtoto mapajani, anamlisha kwa vidole. Mtoto wa kutembea tayari. Akaja mwanamke kutoka upande, akainama, akamchukua mtoto, Jeconia akainua mkono kidogo ili apite, yule mama akaenda zake.

Picha ilipokwisha nilimfuata Nzomo nikamwomba anirudishie ule mkebe wa mwisho. Alinitazama, akafunga mlango, akaurudisha. Nikaona tena.

Mimi nimemtazama Marcia Wynne miaka yote hii na najua kuigiza kunakuwaje. Marcia akipokea kitu, hata glasi ya maji, hukitazama kwanza, ili na sisi tukitazame. Yule mwanamke hakutazama. Alimpokea mtoto huku anaangalia chungu chake jikoni, na mume wangu akainua mkono naye bila kutazama. Hilo hakuna mtu wa Amerika aliyewafundisha. Wale hawakujua kama wamo kwenye picha. Walikuwa nyumbani kwao.

Sasa naelewa zile safari za lori la chumvi, na kwa nini watu wa sinema walipouliza nani anajua njia ya huko, mkono wake ulikuwa wa kwanza.

Na wewe uliona. Uliona mara zote mbili. Ndizi au samaki, hukujua kwa sababu mikononi mwake hukutazama chakula. Sijui nikushukuru au nikupige. Nadhani ulitaka nibaki katikati ya mto, maana kule angalau nilikuwa na matumaini ya upande mmoja. Lakini mtu hawezi kuishi majini.

Dada yako,
Nekoye

* * *

Thika
18 Juni 1954

Dada,

Nimesoma barua yako nikiwa kazini, msimamizi akaniuliza nani amefiwa, nikaikunja nikaitia mfukoni.

Sina la kusema juu ya kilichopita. Nataka kujua utafanya nini. Sasa ushahidi unao. Mwandikie Zacharia kwamba Jeconia yu hai, mgomba usizikwe, na wewe ubaki mke wake kwa haki. Au twende mimi na wewe mpaka huko mpakani tumtafute, nitaomba likizo, tumwulize mbele ya watu. Au umwambie mama yake peke yake. Nikifikiria hili naona sawa, nikifikiria lile naona sawa, nikiyaweka pamoja naona yote ni makosa.

Ninachojua ni kimoja. Mtu aliye hai hazikwi. Hilo huwezi kulifanya, Nekoye.

Erastus

* * *

Kimilili
22 Agosti 1954

Mdogo wangu Erastus,

Nimelifanya. Usiniandikie kwa hasira kabla hujamaliza kusoma.

Nilikaa wiki nzima na ushauri wako wa kumtafuta. Nikajiona nimefika pale kijijini, nimesimama mbele ya yule mwanamke na chungu chake, yeye hajui chochote juu yangu kama mimi nilivyokuwa sijui juu yake. Ningesema nini? Na kama ningemwandikia Zacharia kwamba yu hai, ningekuwa mke wa mtu asiyekuja mpaka nizeeke, wazee wakinitazama kila Krismasi. Mke wa aliyepotea hana njia. Mjane anayo. Mchungaji wa hapa alilisema hilo waziwazi mbele ya ukoo: mjane ana hiari yake, na wakimtaka kwa nguvu kanisa halitanyamaza. Zacharia alikasirika siku nzima, ng'ombe wake wakapigwa bure. Baadaye akaja kunisaidia kubeba maji, akaniuliza kama ni kweli Marcia Wynne ana farasi wa kwake. Si mtu mbaya. Nimemwambia narudi Ruiru, naye amekubali, au amechoka.

Mazishi yalikuwa jana. Mgomba waliukata urefu wa Jeconia, wakaufunga kwa blanketi, na aliyeulizwa urefu wake ni mimi. Nilionyesha kwa mkono juu ya kichwa changu. Kila mtu alinitazama kama nitaanguka. Tobias alieleza tena habari ya mto, sasa kukiwa na mamba. Sikumpinga. Wimbo ukaimbwa, nikapewa udongo.

Ulisema mtu aliye hai hazikwi. Niliushika udongo ule nikafikiri maneno yako, nikamfikiria ameinua mkono kidogo ili mwenzake apite. Alijua tuko hapa. Anajua njia zote, ndiyo kazi yake. Nikautupa, Erastus, kiganja kizima. Nilikuwa na uchungu na nilikuwa na hasira, na chini ya hayo nilikuwa nimepumzika. Nilitaka mguu wangu mmoja usimame mahali pakavu.

Kitu kimoja kilinishinda. Mama yake alilia mpaka sauti ikamkauka. Miaka mitatu ya kilio ilitoka siku moja, na baada ya hapo alikula uji, mara ya kwanza bila kulazimishwa. Kisha akaniita nikae naye mkekani, akanishika mikono yote miwili. Akasema, "Pole, mwanangu. Mungu hakukupa kunizalia mjukuu kwa Jeconia, lakini umenizikia mtoto wangu vizuri."

Nilikuwa nayo habari hiyo mdomoni, Erastus. Mtoto wa kutembea tayari, analishwa kwa vidole.

Nikamwambia, "Asante, Mama."

Dada yako,
Nekoye